Fundo la Mkono wa Kushoto

Mke wangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alikata mboga kwa kushoto, alipiga pasi kwa kushoto, na alipofunga marobota yake ya mitumba pale Laini Saba, kando ya reli, fundo lake lilikuwa kinyume cha mafundo ya watu wengine. Ncha ya kamba aliizungusha mara mbili, akaipitisha kwa chini, kisha akaizamisha ndani ya mkunjo hata usiione ilikoingilia. Wanawake aliouza nao walimtania kwamba mwizi akiiba robota lake atazeeka nalo bila kujua kuna nini ndani. Mimi mwenyewe, mtu niliyepinda bati na kupiga ribiti maisha yangu yote, sikuwahi kulifungua fundo lile. Nilikuwa namwita, naye anakuja anacheka, analigusa kidogo tu, linaachia.

Naanza na hilo ili ieleweke kwamba fundo hilo nilikuwa nalijua. Nililijua kama ninavyojua kikohozi changu. Kwa hiyo nilipoliona tena, ubavuni mwa binti yangu, wakati mwenye kulifunga alikuwa ameshazikwa kwetu Kitui, sikuwa na njia ya kujidanganya kwamba nimelifananisha.

Binti yangu alijifungua Kawangware, mwezi wa Februari, wakati ule mabati ya nyumba hayagusiki kwa joto. Alikuwa amepanga chumba kwenye ploti ya mabati, mlango wa mwisho karibu na mtaro. Mume wake alikuwa kwenye kazi ya mjengo Naivasha. Alipewa ruhusa ya siku moja kuja kumwona mtoto, akarudi. Mama mkwe wake yuko kijijini na miguu yake imekataa safari. Mamake, ndiyo hivyo, hayuko. Aliyebaki ni mimi, na mimi ni mwanamume.

Akanipigia simu siku alipotoka hospitalini. "Baba, hapa kuna mama jirani amesema atanifunga tumbo. Anauliza kama kuna leso ya mama."

Leso zilikuwepo. Zilikuwa kwenye sanduku la bati nililomtengenezea mke wangu tulipooana, lile nililolipaka kijani na yeye akalichora maua meupe kwa kidole. Baada ya mazishi nilizikunja zote humo na kulifunga. Siku hiyo nilipolifungua, harufu ya kafuri na sabuni ya kipande ilinipiga usoni, na leso iliyokuwa juu kabisa ilikuwa ile nyekundu iliyopauka, maandishi yake yamefutika hata hayasomeki. Zilikuwepo nyingine chini, nzuri zaidi, moja hata haikuwahi kulowa maji. Nilichukua ile ya juu. Niliichukua kwa sababu ilikuwa laini na bado ilikuwa na harufu yake.

Nilipofika Kawangware, jirani mwenyewe alikuwa ameshajaza chumba. Ni mama wa kutoka upande wa Busia, anapika mandazi pale stejini, wanapopakia matatu, mwili wake mkubwa na sauti yake kubwa kuliko mwili. Alikuwa amechemsha maji, amepika uji wa wimbi, amemkalisha binti yangu kitandani kama bibi harusi.

"Mzee, umeleta leso ama umeleta maneno?"

"Leso."

"Basi toa. Halafu ubebe mjukuu wako utoke nje. Hapa si kwa kugonga mabati."

Binti yangu akacheka huku ameshika tumbo. "Mama, pole pole na yeye. Hajazoea kufukuzwa."

"Atazoea. Wanaume wote huzoea."

Aliichukua leso, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliinyoosha, akaipitisha viganjani kama anayetafuta mwiba, akainusa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hii ilimfunga nani mwisho?"

"Kwa nini?"

"Kwetu tunauliza. Leso ya mzazi inatoka kwa tumbo lililorudi mahali pake. Haitoki kwa tumbo lililokataa kurudi. Sasa, ilimfunga nani?"

"Ilimfunga mamake," nikasema, "alipomzaa huyu huyu."

"Na akarudi vizuri?"

"Vizuri kabisa. Muda si muda alikuwa kwenye reli na robota kichwani."

"Sawa. Hiyo ni leso nzuri."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Yeye aliniuliza mwisho, mimi nikamjibu mwanzo. Mwisho wa leso ile ulikuwa mwingine. Miezi yake ya mwisho, tulipokuwa tukiishi Gatwekera, mke wangu alikuwa na uvimbe tumboni ambao hatukujua ni uvimbe. Aliwaambia watu ni mgongo. Kila asubuhi alijifunga leso hiyo, akakaza, akaenda kuuza. Jioni akifika alikuwa amekunjamana kama bati lililogongwa na gari. Akiniambia twende hospitali, nilikuwa na masanduku ya wanafunzi ya kumaliza, shule zinafunguliwa, na nilimjibu maneno yale yale: "Funga tu vizuri, tutaenda Jumamosi." Jumamosi ikifika kulikuwa na masanduku mengine. Aliyaamini maneno hayo, au aliacha kubishana nayo, sijui. Hatukwenda. Alipopelekwa, alipelekwa na wanawake wa mitumba, na daktari aliwauliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Leso hiyo ndiyo niliyompa jirani, na nikatoka nje na mtoto kama nilivyoamriwa.

Nilisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikasikia kazi inavyofanywa nyuma ya pazia. "Lala chali. Pumua. Toa pumzi yote. Naanzia chini, kwa nyonga, napanda juu. Hatukazi kama gunia, unasikia? Tunashikilia tu. Kidole changu lazima kipite hapa. Ukikaza sana unasukuma vitu chini, na hivyo vitu hutavipata sokoni." Binti yangu akicheka na kulalamika kwa pamoja. Jirani alimfunga juu ya dera lake, kwa sababu ya joto, na akaweka fundo mbele, upande wa kulia, fundo la kufunguka kwa kuvuta tu, ili mwenyewe ajifungulie akitaka kunyonyesha au kupumzika.

Aliponiita ndani aliniambia nikiwa bado mlangoni: "Mimi niko stejini tangu asubuhi mpaka jioni. Nitakuja kumwosha kabla sijatoka na nikirudi. Mchana hakuna mtu kwa hii ploti. Wewe utakuwa unakuja?"

"Kila mchana."

"Basi wewe ndiye macho yangu. Ukiona joto mwilini, ukisikia harufu mbaya, ukiona anaongea vitu havieleweki, unanipigia. Hata kama mafuta yako motoni."

Nikaahidi.

Karakana yangu iko Laini Saba. Nilikuwa nikiacha nyundo saa sita, napita kando ya Nyayo Highrise, nashika Ngong Road kwa miguu, na nikifika Kawangware jua limeshavuka utosini. Watu husema uchawi ni wa usiku. Mimi nasema hawajakaa kwenye ploti ya mabati mchana wa siku ya kazi. Milango yote ina kufuli. Nguo zimening'inia hazitikisiki. Redio iliyosahauliwa inaongea peke yake nyuma ya ukuta, unasikia sauti lakini husikii maneno. Hata kuku wanajificha. Unahisi umeingia mahali ambapo watu wameambiwa waondoke na wewe hukuambiwa.

Mara ya kwanza niliyofika hivyo, nilisimama kidogo kusikiliza paa. Bati likipata joto hutanuka, na likitanuka hulia. Hiyo ni kazi yangu, sihitaji kufundishwa. Lakini huanza kulia upande jua lilipo. Siku hiyo mlio ulianzia upande wa kivuli. Ulikuja juu ya paa taratibu, bati kwa bati, kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga, ukafika juu ya kitanda cha binti yangu, ukanyamaza.

Nikasukuma mlango. Binti yangu alikuwa amekaa kitako, mgongo wima, jasho linamtiririka, na macho yake yanang'aa.

"Mmepishana hapo mlangoni," akasema. "Hamkusalimiana?"

"Na nani?"

"Mama. Ametoka sasa hivi."

Nikageuka. Nje kulikuwa na kamba za nguo na mwanga mweupe. Nilipomrudia ndipo nikaiona leso. Ilikuwa imepanda mpaka chini ya matiti, imekazwa hata dera limekunjana kama ngozi ya tunda lililokauka. Fundo la jirani halikuwepo. Fundo lililokuwepo lilikuwa kwa nyuma, upande wa kushoto, karibu na mbavu: limezungushwa mara mbili, limepita kwa chini, na ncha yake imezama.

Baba mwenye akili timamu angeuliza: mwanangu, unajisikiaje? Angeweka mkono kwenye paji la uso. Mimi nilivuta kigoda, nikakaa, na nikauliza, "Amesema nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kosa hilo lisimame wazi bila kufunikwa na kosa la leso. La leso lilikuwa ujinga na aibu. Hili la pili nililifanya macho yakiwa wazi.

"Amesema ule mguu wa meza bado unacheza," akasema binti yangu.

Mguu wa meza yetu unacheza kweli, lakini hilo angeweza kujua yeyote aliyewahi kula kwangu. Nikaongeza kidogo. "Na nini kingine?"

Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. "Anauliza kwa nini siku hizi unalala upande wake."

Ni kweli kwamba tangu mazishi nalala upande wa ukutani, uliokuwa wake. Sikumwambia mtu. Ni jambo la kumwambia nani?

Nikawa naenda kila mchana. Ningesema nilienda kumwangalia binti yangu na ingekuwa kweli kama ile kweli niliyompa jirani. Nilienda kuzungumza na mke wangu. Njiani nilikuwa naandaa maswali. Nilianza kuvaa shati safi. Kijana anayepiga rangi karakana ya pili akaniona nikinawa uso kwenye mtungi, akasema, "Niaje, buda! Umepata dame Kawangware?" na wote wakacheka. Nami nikacheka nao. Hawakuwa mbali na ukweli, na hilo lilinitisha kidogo, lakini halikunirudisha.

Mambo yalikuwa yale yale. Mlio wa paa ulikuja, ukanyamaza. Binti yangu alikuwa amekaa wima. Fundo lilikuwa kushoto, na kila mara leso ilikuwa imekazwa zaidi. Mtoto hakulia mchana. Alilala kando yake macho wazi, na kichwa chake kilikuwa kinageukia pembe ya chumba penye ndoo, mbali na mamake. Siku moja niliona midomo yake ikinyonya hewa kuelekea pembe hiyo, taratibu, ikimeza, kama aliyepewa titi. Kisha akatosheka, akalala.

Binti yangu mkono wake ulikuwa moto. Nilisema ni mabati. Palikuwa na harufu tamu ya kuoza, nikafungua mlango zaidi, nikasema ni mtaro. Akawa anatetemeka katikati ya jua, nikamfunika shuka. Jioni jirani akirudi, joto lilikuwa limeshuka na msichana amelala. Asubuhi alipomwosha, aliona mzazi aliyechoka tu kama wazazi wote. Mchana ulikuwa wangu peke yangu.

Jumapili moja nilifika mapema nikamkuta jirani mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee, ni nani anamfunga huyu msichana kila mchana? Asubuhi nafunga langu, jioni napata lingine. Jana nimelifungua kwa meno. Kwa meno, na haya meno nayahitaji."

"Labda anajifunga mwenyewe."

"Na mikono gani? Fundo liko huku nyuma. Hata mimi nikijaribu bega litatoka." Akanikazia macho. "Nimemuuliza, amesema wewe unajua. Ni wewe?"

"Mama, mimi ni babake."

"Ndiyo maana nauliza badala ya kupiga nduru."

Nikakasirika. Nilikuwa nimezeeka sana kuulizwa swali la namna hiyo, na hasira ilikuwa rahisi kuliko jibu. "Kama huniamini nitakuwa nakaa nje."

"Sijasema ukae nje. Nimesema wewe ni macho yangu. Sasa macho yangu yanaona nini?"

Ningemwambia hapo, yangeisha hapo. Angempima joto mchana ule ule, angempeleka hospitali akiwa amembeba mgongoni ikibidi. Angeichoma leso kwenye jiko lake la mandazi. Na mke wangu asingekuja tena. Nililiona hilo lote kwa muda wa kumeza mate.

"Yanaona mzazi anapumzika," nikasema.

Jirani aliingia kwa binti yangu. Alimfunga upya, kwa upole, akatoka bila kuniaga.

Siku iliyofuata niliacha kazi kabla ya saa sita. Nilikuwa nimeamua kuuliza swali lililonileta tangu mwanzo, ambalo yale mengine yote, ya meza na ya kitanda, yalikuwa ya kulizungukia. Koti langu la kazi nilikuwa nimesahau kulivua, na mkasi wa kukatia bati ulikuwa mfukoni, unanigonga paja kila hatua.

Nilipofika paa lilikuwa kimya. Nilidhani nimewahi sana. Ndani, binti yangu hakuwa amekaa. Alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, anahema kwa juu juu kama mtoto wa ndege. Leso ilikuwa imezama mwilini. Hata wakati huo, Mungu anisamehe, nilipiga magoti kando ya kitanda, na nilichosema kilikuwa hiki:

"Yuko hapa?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Muulize kama amenisamehe."

Aligeuza uso. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya ndoo. Redio ya nyuma ya ukuta ikanyamaza, au niliacha kuisikia. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa mpole sana, mpole kama wa mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Anasema nifunge tu vizuri," akasema. "Anasema tutaenda Jumamosi."

Maneno hayo niliyasema ndani ya nyumba yetu, mlango ukiwa umefungwa. Binti yangu wakati huo alikuwa ameolewa, anakaa Kawangware. Mke wangu hakuwa mtu wa kupeleka maneno ya nyumbani nje. Yalikuwa yangu, na sasa yalikuwa yamerudi, neno kwa neno, kupitia kinywa cha mtu mwingine aliyekuwa anakufa mbele yangu.

Nikaweka mkono kwenye paji la uso wake. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo. Lilikuwa linaunguza.

Nililishika lile fundo. Nilipolivuta likakaza. Nikalivuta upande mwingine, likakaza zaidi, naye akagumia. Akanishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa mkono wa kushoto, na nguvu ile haikuwa ya mgonjwa.

"Usifungue, Baba. Hajamaliza."

Nikatoa mkasi wa bati. Nilipitisha ulimi wake wa chini kati ya leso na dera, polepole, nikiogopa kumkata, nikakata. Leso haikupasuka kama kitambaa. Iliachia yote kwa mara moja, na pumzi ndefu ikatoka ndani ya chumba, ndefu kuliko kifua cha mtu, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Mkono ulionishika ukalegea. Mtoto akaanza kulia, kwa nguvu, kama ndiyo kwanza amezaliwa. Harufu niliyokuwa nimesema ni ya mtaro ikajaa chumba.

Nikampigia jirani. Sikumaliza sentensi. Alikuja na mwenye teksi wa stejini, unga bado uko mikononi mwake, na yule dereva, alipoona hali ya msichana, alifungua mlango wa nyuma, akasema, "Ingiza, mama, ingiza tu. Kiti kitaoshwa."

Hospitalini muuguzi aliandika huku anauliza. Joto limeanza lini. Nikamwambia. Nani alikuwa naye nyumbani.

"Mimi."

"Na ulikuwa unangoja nini, mzee?"

Nilitazama kalamu yake, naye akaendelea na swali lingine.

Walisema uchafu ulibaki kwenye mji wa mimba ukaoza. Kufunga tumbo hakukuleta ugonjwa, alisema daktari. Kukifanywa kwa ulegevu, kina mama wengi huona kunawasaidia mgongo. Lakini kule kukaza kuliuficha ugonjwa. Tumbo lilikuwa linavimba na kitambaa kinalirudisha ndani. Hawakuahidi chochote mpaka kesho yake.

Tulikaa nje kwenye benchi, mimi na jirani, mtoto mapajani mwake akinyonya maziwa ya kopo. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na vipande vya ile leso; alikuwa ameviokota sakafuni, sijui kwa nini.

"Mzee. Nilikuuliza hii leso ilimfunga nani mwisho."

"Ilimfunga mamake. Alipokuwa mgonjwa wa tumbo."

"Akarudi?"

"Hakurudi."

Nilingoja anitukane. Angekuwa na haki, na ingenisaidia. Alimgeuza mtoto begani, akampiga piga mgongo mpaka akacheua.

"Ningemfunga na yangu," akasema. "Niko nazo nyingi."

Binti yangu alipona. Ilichukua muda, lakini alipona, na sasa ana sauti ya kunigombeza tena. Hakumbuki lolote. Nilipomuuliza, kwa kuzungukazunguka, anakumbuka nini kuhusu mchana ule, alisema anakumbuka joto, na kwamba mimi nilikuwa nakuja. "Ulikuwa unaniuliza uliza maswali," akasema. "Nilikuwa najaribu kuyajibu ili ufurahi." Hilo ndilo lililonikalia vibaya kuliko yote. Sijui kama alijibu peke yake. Siku nyingine nilimwangalia akimfunga mtoto mgongoni: mkono wa kulia, fundo la kawaida, mbele ya kifua. Nilimwomba afunge lile la mamake. Alijaribu, akacheka, akashindwa.

Jirani alifua vile vipande akavichoma, isipokuwa kimoja. Fundo lilikuwa bado zima, ngumi ndogo nyekundu ya kitambaa; mkasi ulipita pembeni yake. "Hili limekataa," akasema, akaniwekea kiganjani. "Hili ni la kwako." Nimejaribu kulifungua kwa msumari, kwa mafuta, kwa subira. Liko vile vile.

Siku tulipotoka hospitalini, muuguzi alimpa binti yangu tarehe ya kurudi kuangaliwa. "Jumamosi," akasema.

"Hakuna siku nyingine?" nikauliza. Lilinitoka tu.

"Jumamosi, mzee. Una kazi?"

"Sina."

Nilikuwa nayo, masanduku ya watu yalikuwa yananingoja. Jumamosi hiyo nilifunga karakana tangu asubuhi, nikavaa shati safi, nikatia lile fundo mfukoni mwa koti. Kliniki ilikuwa imejaa. Tulipata nafasi kwenye benchi, binti yangu na mtoto upande wangu wa kulia, mimi katikati. Nilikuwa nimevua koti kwa sababu ya joto, nikaliweka upande wangu wa kushoto.

Mama mmoja mjamzito akaja, akasimama mbele yangu. "Baba, samahani. Hapa kuna mtu?"

Nilitazama koti. Nikasimama, nikampa kiti changu mwenyewe.

"Keti hapa, mama," nikamwambia. "Pale kuna mtu."

Binti yangu akanitazama, kisha akatazama lile koti kwa muda. Alimhamisha mtoto bega lingine, akajisogeza kidogo pamoja na yule mama, ili upande wa koti nafasi iwe pana zaidi.